Picha Iliyokuja Kuanzia Juu

Mama yangu hakujua kusoma herufi za Kizungu, lakini alijua kumtafuta mwanawe ndani ya kompyuta bila kusaidiwa na mtu. Kila Ijumaa, wanaume wakishatoka msikitini, alivaa kitenge chake kizuri akateremka kutoka Mbugangari, mtaa wetu jirani na mpaka wa Goma, hadi ofisini kwetu karibu na ziwa. Alivua viatu mlangoni, ingawa nilikwisha kumwambia hadi nikachoka kwamba ofisi si msikiti, kisha akaketi kwenye kiti changu. Kile cha wageni hakukitaka. Mimi nilivuta stuli nikakaa ubavuni kwake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati barabara ya Mudende ilipoanza kupitika tena baada ya vita na watu wa kule juu wakarudi mashambani. Shirika letu dogo liliwapa mbegu za viazi. Mimi nilikuwa sekretari: nilipiga ripoti kwa Kifaransa, nilichemsha chai, na nililinda kompyuta pekee iliyokuwa na waya wa simu. Waya huo ulikuwa na tabia zake. Mvua ikinyesha, laini ilikatika. Mtu wa chumba cha pili akiinua simu kumsalimia shemeji yake, ilikatika. Wakati mwingine ilikatika bila sababu, kwa kiburi tu. Kwa hiyo hatukuwa watu wa kutembeatembea huko mtandaoni. Tulifungua ukurasa mmoja, tukausubiri, tukautazama hadi macho yakashiba.

Siku hizi chombo cha kufungulia kurasa kinaitwa kivinjari. Sisi tulikiita navigateri, kwa Kifaransa, na chetu kilikuwa cha Kifaransa kila neno. Kilikuwa kizee tayari wakati huo, lakini mama alikijua kama alivyolijua jiko lake. Alibonyeza kinyumba kilichochorwa juu, akangoja, kisha akatafuta mstari wa zambarau. Mistari mingine yote ilikuwa ya buluu. Ule peke yake ulikuwa umegeuka rangi kwa kubonyezwa mara kwa mara. Mama alisema umekanyagwa sana, kama njia ya kupandia Bugeshi.

Nyuma ya mstari huo alikuwepo kaka yangu. Aliondoka kupitia Goma mwaka wa vita, akapotea muda mrefu, kisha tukasikia yuko Ubelgiji, anafanya kazi katika kiwanda cha mikate. Jumapili alicheza mpira na Waafrika wenzake, na mmoja wao mwenye ujuzi wa kompyuta aliitengenezea timu ukurasa, na katika ukurasa akaweka picha. Kaka alikuwa golikipa. Alisimama mstari wa nyuma, mwisho kabisa upande wa kulia, amevaa kofia. Mama alikuwa amesoma madrasa, Qurani aliisoma vizuri, na mazoea hayo yalimfanya aangalie kila kitu kuanzia kulia. Basi kwake yeye kaka alikuwa wa kwanza katika timu nzima.

"Unaona," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha mpakani. "Balimuweka mbele."

Picha haikuja yote kwa pamoja. Ilikuja kuanzia juu, ukanda baada ya ukanda. Kwanza mbingu ya kijivu. Kisha mti usio na jani hata moja, ambao mama aliuhurumia kila Ijumaa upya, akisema hata miti ya kule iko na baridi. Kisha kofia, kisha paji la uso, kisha macho. Kila ukanda ulipoongezeka mama alisema "anakuja", polepole, kama mtu aliyemwona mgeni wake akipanda kilima. Kwa laini yetu safari hiyo ilichukua muda wa chai kumiminwa, kupoa na kunyweka. Mara nyingi kaka alifika na miguu yake yote miwili. Siku nyingine laini ilikatika akiwa amefika kifuani, na mama akaridhika na kifua.

Mimi nilikuwa yule aliyebaki. Tulizaliwa wawili tu, na baba alikuwa amekwisha kufa. Rafiki zangu wa shule walikuwa wametawanyika, wengine nchi za mbali, wengine sikuthubutu hata kuwaulizia. Nyumbani mimi na mama tuliongea habari za mkaa na chumvi, na habari za mkaa haziendi mbali. Lakini Ijumaa, picha ilipokuwa ikishuka, bega la mama liliegemea bega langu. Alikuwa akimwangalia yeye, hilo nalijua, sikuwa mjinga. Bega lilikuwa langu hata hivyo, na niliingoja Ijumaa wiki nzima.

Kisha mkuu wetu akatuletea maendeleo.

Alikuwa amekulia Uganda, akarudi baada ya vita, mtu mwema na mwepesi, mwenye Kiingereza kingi na Kiswahili cha kambini ambacho chote kilikuwa amri. Kifaransa kilimchosha. Alisema hawezi kuendesha ofisi ambayo mashine yake inamsemesha lugha asiyoijua, na hapo alikuwa na haki kiasi. Akaita fundi kutoka Kigali. Siku fundi alipokuja mimi nilikuwa Bugeshi na magunia ya mbegu, na hakuna aliyeona haja ya kuningoja. Niliporudi na tope miguuni nikakuta navigateri jipya, la Kiingereza, linang'aa. Kinyumba hakikuwa mahali pake. Mstari wa zambarau ulikuwa umerudi kuwa wa buluu, kama vile hakuna mtu aliyewahi kupita pale. Mkuu alipigapiga kioo kwa kidole.

"Sasa tuko kama dunia," alisema.

Kipya kinyemi, ingawa ni kidonda. Nikasema ndiyo, nikaenda kunawa miguu.

Ubaya wake niliujua Ijumaa, mama akiwa kwenye kiti. Mkono wake ulikwenda juu, ukakuta hamna kitu, ukabaki hewani.

"Kinyumba iko wapi?"

"Kimehama, mama. Acha leo nibonyeze mimi."

Hilo peke yake lilimkosesha raha. Ukurasa ukafunguka, jina la timu likatokea, majina ya wachezaji yakatokea chini. Katikati, mahali pa picha, pakawa na mraba mweupe wenye ukingo mwembamba mweusi. Tukangoja. Lile la zamani lilionyesha kila lilichopata, kidogo kidogo, kama mtu maskini anayekukaribisha kwa alichonacho. Hili jipya lilitaka picha ifike nzima ndipo liifunue, na kwa laini ya kwetu hakuna kilichowahi kufika kizima. Chai ikapoa. Laini ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika tena, na mraba ukabaki mweupe vilevile.

"Balimutoa," mama akasema.

"Nani, mama?"

"Bale banakaa naye. Balitoa picha."

Hapa lazima nieleze habari za kuta zetu. Katika familia za Kiislamu za mtaani kwetu, mtu akifa picha yake hushushwa ukutani na kufichwa. Wengine husema ni kwa sababu ya malaika, wengine husema ni kwa sababu ya macho ya waliobaki. Na kuta za nyumba zetu zimeiva kwa moshi wa mkaa na taa, kwa hiyo picha ikishushwa huacha mraba mweupe. Miaka ile baada ya vita, ukiingia nyumba ya mtu kusalimia, uliangalia ukuta kwanza. Ukiona mraba, hukuuliza. Ulikaa tu, ukashika mkono wa mwenyeji. Mama alikuwa ameshika mikono mingi. Sasa aliuona mraba wake mwenyewe, ndani ya mashine ya ofisini kwangu, tena umezungushiwa nyeusi.

Na kwetu habari ya kifo haisemwi wazi. Anatumwa mtu, naye husema fulani ni mgonjwa kidogo, jikaze uje. Hilo nalo nalijua tangu utotoni, lakini mdomo haukuningoja.

"Hapana, mama! Ni mashine tu. Mashine iko mugonjwa."

Aligeuka akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyefiwa.

"Njo vile banaanzaka," alisema, yaani ndivyo waleta msiba huanzavyo.

Akavaa viatu vyake akaenda. Hakulia. Nilimfuata hadi barabarani nikimweleza habari za laini, na toleo jipya, na picha inayotakiwa ifike yote, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu aliyetumwa kuficha jambo. Mwisho nikasimama. Alipanda kuelekea Mbugangari bila kugeuka nyuma.

Nyumbani tulikuwa na picha moja ya kaka, ya siku ya Idi, mtoto ndani ya kanzu iliyomzidi. Jioni ile niliporudi nilikuta msumari. Chini ya msumari palikuwa na mraba mweupe, na mama alikuwa ameketi mkekani amefunga kanga kichwani kwa namna ambayo mwanamke yeyote wa mtaani angeielewa akipita mlangoni. Picha alikuwa ameilaza ndani ya sanduku, chini ya nguo. Hakula. Nilimwekea ugali na dagaa wa ziwani, akasogeza sahani kwangu akisema nile mimi, bado mtoto.

Niliiandikia ile timu, nikauliza habari za kaka, hawakujibu. Nilipiga namba ya nyumba aliyokuwa amepanga, akapokea mtu kwa lugha nisiyoijua, akakata. Hapo wasiwasi wa mama ukaanza kuniingia na mimi. Kaka hakuwa ametuandikia kwa muda mrefu. Mama hakulihesabia hilo, kwa kuwa yeye alimwona kila Ijumaa. Mimi nililijua siku zote, ila nililisukumia pembeni, na sasa likarudi katikati ya chumba likakaa.

Mama akapeleka ujumbe kwa mwalimu wa msikiti. Hitima isomwe Ijumaa inayofuata, baada ya sala. Mchele ukaagizwa. Wanawake wa mtaani wakaanza kuja mmoja mmoja, wanaketi, wanashika mkono wake, hawaulizi. Na mimi nilipita katikati yao na birika la chai nikitaka kupiga kelele. Kumsomea hitima mtu aliye hai ni kumfukia kwa midomo ya watu. Na kama si hai, basi nami nilitaka kuambiwa na mtu, si na mraba. Zaidi ya hayo, nalisema wazi: baada ya hitima Ijumaa zisingekuwepo tena. Mama angeteremka ofisini kufanya nini?

Nilimwendea mkuu nikamwomba turudishe navigateri la zamani.

"Hapana," alisema. "Hapana kurudi nyuma. Mbele, mbele."

Mimi hasira zangu haziko mbali. Nilimwambia aende mbele peke yake na dunia yake, na aje Ijumaa kula wali wa hitima ya kaka yangu aliyeuawa na maendeleo ya ofisi hii. Nikamweleza yote: msumari, mraba, mchele. Nilisema kwa Kinyarwanda, haraka, nikidhani nitafukuzwa kazi kabla sijamaliza. Aliangalia ukuta wa ofisi, ambao ulikuwa na kalenda tu.

"Sisi kwetu," alisema, "niliporudi hapakuwa hata na ukuta."

Kisha akachukua kofia yake. Mlangoni akasema, kwa Kiswahili chake cha amri, "Rudisha."

Fundi wa kwanza kabisa, miaka ya nyuma, alikuwa ametuachia lile la zamani kwenye disketi, nami nilikuwa nimezihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Marehemu baba alikuwa akisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi nilimwelewa vizuri kuliko alivyokusudia, situpi hata kamba. Nikaanza kuliondoa lile jipya. Likaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Likaniuliza tena, kwa maneno mengine, kama mchumba anayeachwa. Lilipokwisha kuondoka nikaanza kuingiza disketi moja moja, mashine ikizitafuna, hadi nikafika moja ya katikati, ikakwaruza, ikakataa. Nikaitoa, nikaipuliza, nikaipangusa kwa kanga. Ikakataa. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeila.

Sasa tulikuwa hatuna jipya wala la zamani. Hiyo ilikuwa Alhamisi asubuhi.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa na kibanda cha kupiga chapa na kutoa kopi upande wa Goma, na fundi yule yule wa zamani ndiye aliyemwekea mashine, akamwachia disketi kama zetu. Nikavuka mpaka na kundi la akina mama wenye mabeseni ya nyanya. Askari wa upande wa pili aliona disketi mkononi mwangu akaichukua, akaiinua kwenye jua.

"Iko nini ndani?"

"Kazi ya biro, ya ofisi, afande."

"Sioni kitu."

"Hata mimi sioni."

Akacheka, akanirudishia.

Mjomba alinikuta mlangoni kwake. Nyuma ya mlango huo ilitundikwa kanzu yake nyeupe, imepigwa pasi, tayari kwa kuvuka kesho yake. Ndipo nilipoelewa kwamba jambo lilikuwa limekwisha kufika mbali. Kwa Goma, kaka yangu alikuwa tayari marehemu.

"Juu ya nini munarudia ya zamani?" aliuliza, akitaka sababu. "Bantu bote banatafuta ya mupya."

Nikamweleza. Alisikiliza huku anavuta ndevu zake. Mara mbili alitaka kusema neno la kunituliza, nikaona anajizuia, naye pia alidhani labda mimi ndiye nisiyetaka kuukubali msiba. Lakini alinakili disketi yake kama ile, akaijaribu nakala kwenye mashine yake mbele yangu, akaifunga ndani ya gazeti.

"Bon," alisema. "Nenda. Kama anaonekana, mi nitakuja vilevile. Wali itakuwa imeisha kupikwa."

Ijumaa asubuhi lile la zamani lilirudi. Kinyumba kikatokea juu mahali pake, maneno yakawa ya Kifaransa, na mimi, ambaye huwa sisemi na vyombo, nilisema "karibu". Mistari ilikuwa ya buluu yote. Nikaubonyeza ule wetu ili ugeuke zambarau, nikaukata ukurasa papo hapo kabla haujaleta kitu chochote. Ningeweza kungoja nihakikishe. Lakini je, kama wale watu kweli walikuwa wameitoa picha? Sikutaka kuuona mraba ule nikiwa peke yangu.

Mama alikuwa amekwisha kunikatalia kuja. Alisema haendi kutazama ukuta. Mkuu akaniambia nibaki na mashine, akawasha gari akaenda yeye mwenyewe Mbugangari. Baadaye nilisikia kwa majirani kwamba alisimama mlangoni kofia mkononi, katikati ya wanawake, akasema kwa Kiswahili chake, "Mama. Simama. Twende," kisha akaogopa alivyosikika, akaongeza "tafadhali". Mgeni aliyevua kofia hakataliwi. Mama alikuja amekaa kiti cha mbele, amejifunga kanga ya msiba.

Aliingia bila kuvua viatu. Akaketi kwenye kiti cha wageni.

"Mama," nilisema, "kiti chako ni hiki."

Alihama kwa uzito. Kisha akaona kinyumba. Mkono wake ukaenda wenyewe. Akangoja, akautafuta mstari wa zambarau, akaubonyeza. Sikusema neno juu ya mashine, wala laini, wala toleo. Mkuu alikuwa amesimama katika chumba cha pili, mkono juu ya simu ili mtu yeyote asiiinue.

Jina la timu. Majina ya wachezaji. Kisha, juu kabisa, ukanda wa kijivu.

Mbingu ilikuwepo. Mti ukaja, na baridi yake. Safari hii neno nililisema mimi.

"Anakuja."

Kofia ikaja. Paji la uso likaja. Macho yakaja, na hapo laini ikakatika. Chini ya macho ya kaka pakabaki rangi ya majivu, na wenzake wote katika mstari wa nyuma nao wakabaki nusu nyuso. Niliinuka kupiga tena. Mama akanishika mkono.

"Acha."

Alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo. Alimwangalia muda mrefu.

"Macho yake iko wazi," alisema.

Mama mwenyewe ndiye aliyemfumba baba macho, na jirani zetu wawili, na mama yake. Kwetu hilo ndilo jambo la kwanza analofanyiwa maiti, kabla ya jingine lolote. Hakuna watu, hata Wabelgiji, ambao wangemwacha mfu asimame na wenzake macho wazi, mchana kweupe, mbele ya kila mtu. Kwa mama jambo lilikuwa limekwisha hapo. Alilegea kitini. Bega lake likanijia.

"Niko na njala," alisema. "Ku biro yenu haiko hata mukate?"

Mkuu wa ofisi alikwenda mwenyewe kuutafuta.

Wali ulilika mchana ule, lakini kwa dua ya shukrani. Mjomba alivuka na kanzu yake iliyopigwa pasi akala mara mbili, akawaambia wanawake wa mtaani kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Mama alitoa picha ya Idi sandukuni, akaitundika kwenye msumari, ikaufunika mraba wote. Usiku alilala. Nilisikia anavyokoroma, nikashukuru.

Lakini picha ile ilikuwa ya zamani. Hilo hakuna aliyelisema, na mimi sikuwa na wa kumwambia. Ilipigwa kabla ya mambo yote haya, na macho ya picha hubaki wazi, mwenye nayo awe yuko au hayuko. Ningemwambia mama, ningemrudisha mkekani. Ningemwambia mjomba, angenicheka. Wanawake wa mtaani walikuwa wamekwisha kufungua kanga zao, wamerudi kwenye nyanya na maharagwe. Basi wasiwasi ule mzima, ambao wiki moja ulikuwa wa nyumba nzima na mtaa na ng'ambo ya mpaka, ukabaki wangu. Nilikwenda nao ofisini na nikarudi nao. Kila Ijumaa mama alikuja, akavua viatu, akabonyeza kinyumba chake. Kila Ijumaa alisema "anakuja". Bega liliniegemea kama zamani, na mimi nilimwangalia kaka machoni nikimuuliza kimoyomoyo, uko wapi wewe, unisemeshe.

Jibu lilikuja mvua zilipokuwa zimekwisha anza. Yule mwenye kuutunza ukurasa wa timu aliandika mistari michache. Kaka yangu alikuwa amehamia mji mwingine kwa ajili ya kazi, katika ghala la samaki wa barafu. Golini wameweka mwingine. Amemwona juzi, yuko mzima kabisa, anamsalimia mama, na anauliza kama dada ameolewa.

Niliiacha ofisi wazi. Nilikimbia kupanda Mbugangari katika mvua, mwanamke mzima, sina mwavuli, watu wa vibandani wakinipisha kwa kudhani nimefiwa. Mama alikuwa barazani, beseni la viazi vya Mudende kati ya magoti yake, anamenya.

"Mama!" nilisema. "Mama, yuko hai. Wameandika. Yuko hai!"

Alinitazama kuanzia kichwani, maji yanavyonichuruzika, hadi kwenye viatu. Kisu chake hakikusimama.

"Sasa juu ya nini unalia?" alisema. "Si tulimuona? Si nilikuambia macho iko wazi?"

Akasogea kidogo kunipisha kwenye mkeka, akanisukumia kisu cha pili.

"Kaa, mutoto yangu. Menya. Viazi iko mingi."

Nikakaa. Majira yote yale nilikuwa nimemzika kaka yangu kila jioni na kumfufua kila asubuhi, peke yangu, na siku habari zake zilipomrudisha hapakuwa na mtu wa kumpokea pamoja nami, maana kwa wengine wote hakuwahi kuondoka. Nikachukua kiazi, nikaanza kumenya.